Mkunguru na Fito za Damu

Wazee wa Pwani walikuwa na neno moja ambalo siku hizi halisikiki sana midomoni mwa vijana, nalo ni mkunguru. Mkunguru ni homa impatayo mgeni afikapo katika nchi asiyoizoea. Mtu akitoka mbali akaja akakaa Kisauni au Likoni, hazikupita siku nyingi ila alishikwa na baridi katikati ya jua kali, akatetemeka, akatoka jasho, akaumwa kichwa na viungo. Wenyeji walimtazama wakasema, huo ni mkunguru, nchi inamjaribu. Akipona, alihesabiwa kuwa amezoea. Asipopona, alizikwa. Neno hilo lilikuwa elimu nzima katika silabi nne: lilieleza kwamba homa hii ina upendeleo, kwamba humwangukia mgeni kwa ukali kuliko mwenyeji, na kwamba mwilini mwa mwenyeji mna kitu ambacho mgeni hana. Kitu hicho ni nini, neno halikusema. Maelezo yake yalichukua zaidi ya miaka mia moja kupatikana, na baadhi yake yamepatikana juzi juzi tu, tena karibu sana na hapa petu.

Mwaka 1844 alifika Mombasa Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha wamisheni cha Uingereza, pamoja na mkewe Rosine, ambaye alikuwa mja mzito. Mwezi wa Julai Rosine alijifungua mtoto wa kike, na homa ikamkuta kitandani. Krapf mwenyewe alikuwa akiugua homa iyo hiyo. Rosine akafariki, na baada ya siku chache mtoto naye akamfuata mamaye. Walizikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa kaskazini, mahali ambapo sasa pamezungukwa na nyumba za Nyali, karibu na njia iendayo Kisauni. Kaburi lao lipo hata leo. Krapf alipona, akaishi hadi mwaka 1881, na kamusi kubwa ya Kiswahili aliyoitunga ikachapishwa mwaka uliofuata.

Tutazame sasa upande wa pili wa kisa hiki. Katika majira yayo hayo, katika mashamba yayo hayo ya ng'ambo, walikuwako watu wazima wengi walioumwa na mbu wale wale. Walilima muhogo, walikwea minazi, walivusha watu kwa mashua. Homa iliwapata, lakini haikuwaua kama ilivyowaua wageni. Wala mkunguru haukuchagua rangi ya ngozi. Katika karne ya 20, reli na bandari zilipowavuta vibarua kuja Changamwe na Kilindini, watu waliotoka katika milima yenye baridi walitetemeka kama alivyotetemeka Krapf.

Jibu la kwanza la fumbo hili ni la huzuni, nalo halikosi kutajwa. Mtu mzima wa Pwani alikuwa ameugua malaria mara nyingi tangu utotoni, na mwili wake ulikuwa umejifunza kupigana. Waliokuwa hawakuwahi kujifunza walikuwa wamekwisha kufa wakiwa wadogo. Tukisema kwamba wenyeji walikuwa na kinga, tusisahau ni nani waliolipa gharama yake: watoto wachanga na wale wa miaka miwili mitatu, ambao hakuna mgeni aliyeandika majina yao katika kitabu.

Sababu ya homa yenyewe ilijulikana baadaye. Mwaka 1880, huko Algeria, daktari Mfaransa Alphonse Laveran aliona kwa hadubini vimelea hai katika damu ya askari mgonjwa. Mwaka 1897, nchini India, Ronald Ross alionyesha kwamba vimelea vya malaria hukua katika tumbo la mbu wa jamii ya anofelesi. Mbu hao hawakukosa makao kwetu. Wako wazaao katika madimbwi ya mvua, na wako, kama yule aitwaye merusi, wawezao kuzaa hata katika maji yenye chumvi kando ya mikoko. Basi mtu aliyejenga kando ya mkono wa bahari wa Tudor au wa Port Reitz alikuwa na jirani wa kudumu.

Lakini jibu la kwanza halikutosha. Wako watoto ambao, kabla ya kujifunza lolote, walikuwa na kitu katika damu yao kilichomzuia adui. Ili tukielewe kitu hicho yatupasa tuiache historia kidogo, tuingie katika ujenzi.

Mwanafunzi aliyekulia Changamwe, Likoni au Kisauni ameona, walau kwa babu yake, jinsi nyumba ya udongo ijengwavyo. Kwanza husimamishwa nguzo za mkoko. Kisha fito hulazwa ndani na nje ya nguzo, zikafungwa kwa kamba, hata ukuta ukawa kama wavu mkubwa wenye matundu ya miraba. Ndipo huja watu wakakandika udongo. Mpita njia huona udongo tu, akadhani udongo ndio ukuta. Sivyo. Mvua ikiuosha udongo, fito hubaki, na nyumba hukandikwa upya. Lakini fito zikiliwa na mchwa, ukuta huanguka siku moja kwa kishindo, hata kama kwa nje ulipakwa chokaa ikapendeza.

Seli ni nyumba ya namna hii. Kila mwili hai, wa mwembe na wa mtu, umejengwa kwa seli, na kila seli imezungukwa na utando mwembamba wa mafuta. Ndani yake mna vyumba, navyo huitwa oganeli. Kimo kiini, kitunzacho maandishi ya urithi. Zimo mitokondria, ambamo chakula hugeuzwa kuwa nguvu. Mna mtandao wa mifereji na vifuko uitwao retikulamu. Mna na rundo la vifuko vilivyopangwa kama sahani, lililogunduliwa na Mwitalia Camillo Golgi mwaka 1898. Vyumba hivi navyo kuta zake ni tando za mafuta. Na mafuta, kama ajuavyo kila mpishi, hayana umbo lake mwenyewe. Ukiyatia kwenye maji hukusanyika yakawa tone la duara. Ni nini basi kikifanyacho chumba kimoja kiwe mfereji mrefu, na kingine kiwe na mikunjo mikunjo, na kingine kiwe tufe?

Kwa muda mrefu swali hilo halikuulizwa kwa nguvu, kwa sababu wataalamu wengi walidhani kwamba ndani ya seli mna kitu kama uji. Mwaka 1945, katika taasisi ya Rockefeller mjini New York, Keith Porter, Albert Claude na Ernest Fullam walitoa picha ya seli iliyopigwa kwa hadubini ya elektroni, ambayo hukuza vitu mara nyingi kupita hadubini ya mwangaza. Uji ulitoweka. Badala yake zilionekana nyuzi na kamba nyembamba zilizosukana kama jarife. Mwaka 1952 George Palade alionyesha mikunjo iliyomo katika mitokondria. Kuanzia hapo, mwaka kwa mwaka, watu walianza kuzitambua nguzo na fito, na ikaonekana kwamba karibu zote ni protini.

Mwalimu wa afya akitaja protini, mwanafunzi hukumbuka samaki na kunde. Si kosa, lakini ni nusu ya habari. Protini ni mnyororo wa vipande vidogo viitwavyo asidi amino, ambavyo aina zake ni 20 tu, na mnyororo huo hujikunja kwa namna maalumu, kila protini kwa umbo lake. Nyingine hukunjwa zikawa kama nyundo, nyingine kama kufuli, nyingine kama kamba. Tulapo samaki, tumbo huvunja protini zake zikawa vipande, na mwili huvitumia vipande hivyo kujengea nguzo zake wenyewe.

Nguzo hizo zi za namna nyingi, nitataja chache tu. Ukuta wa kiini umetandikwa kwa ndani mkeka wa protini ziitwazo lamini. Mwaka 2003 iligunduliwa kwamba kasoro katika lamini moja huleta ugonjwa adimu ambao mtoto huzeeka mbele ya macho ya wazazi wake. Viini vya seli zake, badala ya kuwa mviringo laini, huwa na makunyanzi. Mifereji ya retikulamu hupindwa na protini ziitwazo retikuloni, zilizotambuliwa kazi yake mwaka 2006: nazo hujipachika katika upande mmoja wa utando kama kabari, na utando usio na budi hujipinda ukawa bomba. Mikunjo ya mitokondria nayo ina protini zake zikaazo shingoni mwa kila mkunjo zikiubana usifumuke. Na chini ya hayo yote zimo nyuzi ngumu na nyuzi laini, zikiwemo zile ziitwazo aktini, ambazo hushika vyumba mahali pake na wakati huo huo huwa njia za kupitishia mizigo. Yaani ufito ni ufito, lakini pia ni barabara. Jambo hili lishikwe, maana adui wetu atalitumia.

Sasa turudi kwenye damu. Seli nyekundu ya damu ni nyumba ya ajabu kuliko zote, kwa kuwa imevitupa vyumba vyake. Inapozaliwa katika uboho wa mfupa ina kiini na oganeli kama seli nyingine. Lakini kabla ya kukomaa huviondoa, ikabaki ghala tupu lililojazwa protini moja, hemoglobini, ichukuayo oksijeni. Upana wake ni kama sehemu saba au nane za milimita iliyogawanywa mara elfu moja. Huishi kwa muda wa siku 120 hivi, na katika muda huo hupita mara maelfu kwa maelfu katika mishipa ambayo mingine ni myembamba kuliko yenyewe. Hujikunja, hujipenyeza, kisha hurudi katika umbo lake la kisahani kilichobonyea katikati. Je, mfuko wa mafuta usio na chumba wala nguzo katikati waweza kufanya hivyo?

Jibu lilikuja mwaka 1968. Wataalamu walikuwa wakiipasua seli nyekundu katika maji, wakaiosha hata hemoglobini yote ikatoka, na kubaki ganda jeupe walilolibandika jina la mzuka. Katika mizuka hiyo Vincent Marchesi na Edward Steers walipata protini ndefu kama kamba, wakaiita spektrini, jina litokanalo na neno la mzuka hasa. Imejulikana baadaye kwamba spektrini hutandaza wavu chini ya utando wote wa seli, wavu wa matundu yenye pembe sita, na kila fundo la wavu limefungwa kwa kipande kifupi cha aktini. Protini nyingine, ankirini, huufunga wavu huo kwenye utando kama kamba ya makumbi ifungavyo ufito kwenye nguzo. Hapo ndipo nilipokumbuka ukuta wa nyumba ya udongo, na sikuweza kuusahau tena. Wavu ukiwa na kasoro, seli hupoteza kisahani chake ikawa tufe, au ikawa kama yai, na bandama huikamata na kuiharibu.

Katika ghala hili tupu ndimo kimelea cha malaria huchagua kuingia. Mwaka 1902 Georg Maurer, daktari Mjerumani aliyefanya kazi Sumatra, alitia rangi damu ya wagonjwa akaona, ndani ya seli nyekundu zilizovamiwa, madoa madogo yasiyokuwa katika seli zenye afya. Yalipewa jina lake, na kwa miaka mingi yalikuwa alama ya kumtambulisha mgonjwa tu. Leo twajua ni nini. Ni vyumba. Kimelea, kikiisha kuingia katika nyumba iliyotupa oganeli zake, hujenga oganeli zake chenyewe humo, vifuko bapa vilivyotandazwa karibu na utando. Katika vifuko hivyo hupanga protini zake na kuzipeleka nje, juu ya uso wa seli, ambako huchomoza kama vinundu vya gundi. Kwa vinundu hivyo seli hunata kwenye kuta za mishipa, isipelekwe kwenye bandama ikauawa. Zikinata nyingi katika mishipa ya ubongo, mtoto huzimia, na pengine haamki. Kimelea hicho hupata wapi barabara za kupitishia mizigo yake? Huiba. Huing'oa aktini kutoka katika mafundo ya wavu wa mwenye nyumba, kikajengea nyuzi ndefu kutoka vyumba vyake hadi ukutani.

Tuiache nyumba hiyo ikiwa mikononi mwa mwizi, tutazame mambo mengine yaliyokuwa yakiendelea mahali pengine. Mwaka 1910 daktari wa Chicago, James Herrick, alieleza juu ya kijana kutoka kisiwa cha Grenada ambaye seli zake nyekundu zilikuwa zimepindika kama mundu. Mgonjwa wa namna hiyo hupungukiwa damu, na mifupa na viungo humwuma kwa maumivu makali, kwa kuwa seli zilizopindika huziba mishipa. Sisi twauita ugonjwa huu selimundu. Polepole ilifahamika kwamba ni wa kurithi: aliyerithi alama hiyo kwa mzazi mmoja tu huishi salama, na aliyerithi kwa wazazi wawili ndiye agonjwaye.

Mwaka 1949 kijana mmoja aliyezaliwa Afrika Kusini na kulelewa katika Bonde la Ufa nchini Kenya, Anthony Allison, alikuja na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford kwenda Mlima Kenya. Wenzake walikusanya mimea na wadudu. Yeye alikusanya damu za watu. Aliona jambo lililomshangaza: miongoni mwa watu wa Pwani na wa kandokando ya Ziwa Victoria, zaidi ya watu 20 katika kila 100 walikuwa na alama ya mundu, lakini katika nyanda za juu zilizo katikati hawakufika hata mmoja. Makabila hayakuwa sababu, wala lugha. Wapwani na watu wa ziwani wametengana kwa mamia ya maili, na asili zao ni mbalimbali. Lililowaunganisha ni mbu.

Katika mwaka uo huo, huko California, Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba hemoglobini ya wagonjwa wa selimundu ni tofauti na ya watu wengine. Ilikuwa mara ya kwanza ugonjwa kuonyeshwa kuwa umo katika umbo la protini moja. Miaka michache baadaye, kati ya 1956 na 1957, Vernon Ingram wa Cambridge alipata tofauti yenyewe: katika mnyororo wa asidi amino 146, kipande kimoja tu kimebadilika, na sasa twajua ni cha sita. Mahali pa asidi glutamiki pamekaa valini. Kwa kosa hilo la herufi moja, hemoglobini zikikosa oksijeni hushikamana zikawa fito ndefu ngumu, na fito hizo zikaisukuma seli kutoka ndani hata ikapindika. Nguzo zimesimamishwa mahali pasipotakiwa nguzo.

Allison alirudi Afrika ya Mashariki mwaka 1953 kuijaribu fikra yake. Kati ya watoto 290 wa Buganda aliowapima, 43 walikuwa na alama ya mundu, na kati yao 12 tu walikuwa na vimelea vya malaria katika damu, yaani kiasi cha 28 katika 100. Kati ya wale 247 wasio na alama, 113 walikuwa na vimelea, yaani kiasi cha 46 katika 100. Kisha aliwachukua wanaume Waluo 30 waliojitolea, 15 wenye alama na 15 wasio nayo, wakaambukizwa malaria kwa makusudi. Wale wasio na alama waliugua 14. Wale wenye alama waliugua wawili tu. Jaribio la namna hiyo lisingeruhusiwa kirahisi siku hizi, nami siwezi kulisoma bila kuwawazia wanaume wale 30, ambao damu yao imetajwa katika kila kitabu cha elimu ya urithi na majina yao hayamo hata kimoja. Matokeo yalichapishwa mwaka 1954. Wengi hawakuyaamini mwanzoni. Lakini yaliposhindaniwa na kupimwa tena na tena yalithibitika, na utafiti uliofanywa Kilifi ukaonyesha kwamba mtoto mwenye alama moja ya mundu hupata kinga ya karibu asilimia 90 dhidi ya malaria iliyo kali kabisa.

Hata hivyo Allison hakujua kinga hiyo hufanyaje kazi. Alijua mlango umefungwa, hakuona komeo. Wataalamu sasa wanakubali kwamba makomeo ni zaidi ya moja; lakini lililo karibu na habari yetu lilionekana mwaka 2011, wakati Marek Cyrklaff, Michael Lanzer na wenzao wa Heidelberg walipozigandisha kwa baridi kali seli zilizovamiwa, wakazichungulia kwa hadubini ya elektroni. Katika seli za kawaida waliona wizi wote ulivyo: nyuzi ndefu za aktini zikitoka katika vyumba vya Maurer kwenda ukutani, na vifuko vya mizigo vimening'inia juu yake kama mikungu ya ndizi juu ya mti wa mpagazi. Katika seli zenye hemoglobini ya mundu nyuzi zilikuwa fupi, zimevurugika, nazo hazikufika popote. Hemoglobini hiyo yenye kasoro huchakaa upesi, na uchafu wake huzuia aktini kuunganika. Hivyo kimelea kimo nyumbani, kina vyumba, kina mizigo, lakini hakina barabara. Vinundu juu ya seli huwa vichache na vibovu, kunata hupungua, na mtoto huponyoka.

Na komeo jingine limeonekana karibu zaidi. Kilifi ni mwendo usio mrefu kutoka Kisauni kwa njia ya Mtwapa, na huko, tangu mwaka 1989, kuna kituo cha utafiti cha KEMRI kinachoshirikiana na shirika la Wellcome. Mwaka 2017 ilitangazwa kwamba watu wenye aina ya damu iitwayo Dantu, ambayo ni adimu sana penginepo lakini Kilifi huonekana mara nyingi zaidi, hawapatwi na malaria kali kwa wingi kama wengine. Kila nakala mtu aliyoirithi hupunguza hatari kwa kiasi cha asilimia 40. Mwaka 2020 Silvia Kariuki na wenzake walieleza sababu. Walipima seli za watoto 42 wa Kilifi, wakaona kwamba seli za Dantu, ambazo protini mbili za uso wake zimechanganyika urithi wake, zina utando uliokazwa kama ngozi ya ngoma iliyowambwa motoni. Kimelea hugonga, huizungusha seli, hujaribu kuibonyeza ili kiingie, na utando haubonyei. Hapa adui hanyimwi barabara; hanyweshwi hata maji ya mlangoni.

Basi Rosine Krapf hakuwa na neno hata moja kati ya haya. Hakuwa na kinga ya utotoni. Na kwa kuwa kwao hakukuwa na malaria ya kuichagua damu ya namna hii kizazi baada ya kizazi, hakuna sababu ya kudhani kwamba alikuwa na mundu wala Dantu. Wenyeji waliosema nchi inamjaribu walikuwa karibu na ukweli, ila kilichokuwa kikijaribiwa ni fito za seli zake.

Ningependa kuishia hapo, kwa furaha ya ushindi. Lakini hesabu ina upande wa pili, nao unaonekana kila asubuhi katika kivuko cha Likoni, miongoni mwa kina mama wavukao kupeleka watoto hospitali. Baba ana alama moja ya mundu, hajui. Mama ana alama moja, hajui. Wote wawili walipona malaria utotoni, labda kwa sababu ya alama hiyo hiyo. Kila wakipata mtoto, kuna fungu moja katika manne kwamba atarithi kwa wote wawili. Mtoto huyo huanza kuvimba vidole vya mikono na miguu kabla hajatimiza miaka miwili, hulia usiku bila kidonda, macho humgeuka manjano. Zamani majirani walitafuta nani aliyemroga. Na kinga iliyowaokoa wazazi haimfai kitu yeye, kwa kuwa damu yake ni haba mno, na malaria ikimpata humwua upesi.

Kwa watoto hao dawa iliyo ya manufaa zaidi kwa sasa ni haidroksiyurea. Ilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 600 katika miji minne ya Afrika, yaani Luanda, Kinshasa, Mbale na Kilifi, na matokeo yakatolewa mwaka 2019: maumivu yalipungua, kuongezewa damu kulipungua, vifo vilipungua, na malaria nayo ikapungua. Kazi yake, kwa sehemu kubwa, ni kuurudisha mwili kidogo katika desturi ya tumboni mwa mama. Mtoto kabla ya kuzaliwa hutumia hemoglobini ya namna nyingine, ambayo haina ile valini mahali pa sita, na ambayo haikubali kuungwa katika fito za mundu. Baada ya kuzaliwa mwili huiacha. Dawa huukumbusha. Tone la damu ya mtoto aliyetumia dawa kwa miezi kadhaa likiwekwa chini ya hadubini, miundu bado imo, lakini kati yake visahani vya duara vimezidi kuwa vingi.